Laravel usiiache bado

Mkuu, umeuliza kama uache Laravel (fremu ya PHP ya kutengenezea tovuti) uhamie React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) kwa sababu washkaji wote wako huko, na kama hii sheria ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi inakuhusu wewe developa unayejitegemea. Laravel usiiache bwana, si ndo inakulipia kodi! Mi nilikesha miezi na AngularJS, fremu ya JavaScript ya Google, kwa mbwembwe zote, mwisho wa 2021 Google wenyewe wakaacha kuihudumia, kumbe JavaScript ya kawaida na SQL (lugha ya database) ndo vimenibeba mpaka leo. React jifunze jioni jioni, tengeneza kitu kimoja kiishe.

Sheria ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inakuhusu sana tu. Juzi nimerithi mfumo wa mteja fulani, nafungua database nakuta namba za NIDA za watu ziko wazi kabisa, na kila developa aliyepita hapo ana kopi kwenye laptop yake. Wengi wanasema sheria ni usumbufu, mi naona inatupa mdomo, mteja akitaka fomu iombe tarehe ya kuzaliwa muulize ya kazi gani, akikosa jibu futa hiyo kolamu.