Gari la mbio limejaa tope: pa kulioshea, na kwa nini injini iligoma

SWALI: Habari mtaalamu. Nina gari la mbio za viwanja vya udongo. Injini ni ya kabureta, bodi ni ya bati jepesi la alumini. Kila mashindano yakiisha linarudi limeganda tope hata rangi haionekani, na ndani ya rimu kumejaa. Kituo cha kujioshea mwenyewe nilichokuwa natumia wameniambia nisirudi tena. Nikaamua kuliosha nyumbani, tope likaingia mtaro wa barabarani na majirani wakalalamika. Juu ya hayo, baada ya kuosha injini iligoma kuwaka karibu nusu siku. Nilioshee wapi, na kwa utaratibu gani?

JIBU: Ndugu msomaji, waliokufukuza hawana ugomvi na gari lako. Ugomvi wao ni na lile tope. Chini ya sakafu ya kituo cha kuoshea magari kuna shimo la kunasa mchanga, na mara nyingi baada yake kuna kitenganishi cha mafuta. Shimo lile limekadiriwa kwa vumbi na mchanga wa magari ya barabarani. Tope la uwanja wa mbio kwa kawaida ni udongo wa mfinyanzi, na lita moja yake ikiwa mbichi ina uzito wa kilo 1.7 hadi 2. Ukiangusha ndoo mbili za lita 20 umemwachia mwenye kituo zaidi ya kilo 60, na mfinyanzi ukishatulia chini hushikana kiasi kwamba hautoki bila kulipia gari la kunyonya. Kwa hiyo swali la pa kuoshea linaanzia uwanjani, kabla gari halijapanda trela. Ukifika mahali popote na gari lililokwanguliwa, milango mingi iliyofungwa itafunguka.

Kwangua tope likiwa na unyevu wa wastani, yaani ukilichoma na mwiko linameguka vipande badala ya kuvutika. Likiwa bado uji utalipakaza tu, na likikauka kabisa linashika kama saruji, kisha bati la alumini linapinda ukilazimisha. Vifaa ni mwiko mgumu wa plastiki au ubao uliochongwa bapa, brashi ya nyuzi ngumu na nyundo ya mpira. Bisibisi na patasi viache kwenye sanduku. Vua tairi zote 4 na ubishe rimu kwa ndani na nyundo ya mpira. Hapo ndipo tope zito linapokaa, na ndilo linalofanya gari litetemeke kwa kasi hata kama rimu ni nzima. Kisha nenda juu ya difu, kwenye pembe za fremu, juu ya mikono ya sasipensheni, nyuma ya bampa na kwenye bati la chini ya injini. Waulize wasimamizi wa uwanja pa kulirundika. Ni udongo wao, na mfinyanzi mzuri wa uwanja hununuliwa, hivyo huenda wakafurahi kurudishiwa.

Hapohapo ulizia kama uwanja una sehemu ya kuoshea. Kama wana lori la maji la kumwagilia njia, mpira wa kawaida usio na presha unatosha kwa suuza ya kwanza, ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya uchafu.

Uwanja usipokuwa na nafasi, chaguo langu la kwanza ni vituo vya kuoshea malori na mitambo ya ujenzi. Mashimo yao ni makubwa, maji yao ni mengi, na sakafu mara nyingi ina mteremko unaoruhusu tope kuzolewa kwa koleo au kwa mtambo. Piga simu kabla ya kwenda na uulize mambo manne: wanapokea vyombo vyenye mfinyanzi? Trela itaingia na kutoka bila kurudi kinyumenyume? Gari lisilo na namba za barabarani linaruhusiwa kushushwa? Na wanapulizia dawa gani? Hili la mwisho watu husahau. Dawa za kung'arisha matangi ya malori huwa ni tindikali kali au alkali kali, na zote mbili hula alumini na kuiacha na mabaka meupe. Rimu za magnesi huumia zaidi zikiguswa na tindikali. Mwambie mhudumu maji matupu tu, sabuni unayo mwenyewe.

Baada ya hao, jaribu kampuni zinazokodisha mitambo, machimbo ya mawe, na mashamba makubwa yenye sakafu ya kuoshea matrekta. Nenda kwa mwenye mahali ana kwa ana, na ukimaliza zoa tope lako. Mtu akiona sakafu safi nyuma yako, mara ya pili hata huulizwi.

Kituo cha kujioshea mwenyewe bado kinawezekana, ila zungumza na mwenye kituo kwanza, nenda saa ambazo hakuna foleni, na uwe na koleo na ndoo. Tope likianguka sakafuni linyanyue kabla halijafika kwenye wavu wa shimo. Brashi yao ya povu usiiguse kabisa: changarawe zikishaingia kwenye nyuzi zitachora rangi ya gari la mteja anayefuata, na hilo pekee ni sababu ya kufukuzwa hata kama shimo halijaziba. Mashine ya kuosha yenyewe, ile ya kupita katikati ya brashi zinazozunguka, haifai kwa gari la mbio. Tairi pana, bawa na tumbo la chini vitanasa.

Sasa nyumbani. Katika miji mingi mtaro wa barabarani hupeleka maji moja kwa moja mtoni au ziwani bila kusafishwa, na kuingiza tope, mafuta au sabuni humo ni kosa kisheria sehemu nyingi. Kwa hiyo majirani zako walikuwa na hoja. Osha juu ya nyasi au kokoto zinazonyonya maji, mbali na kisima na mbali na mtaro. Ukilazimika kuosha kwenye saruji, tandika turubai zito, inua kingo zake kwa mbao za sentimita 10, liinamishe kidogo upande mmoja, na hapo kwenye kona ya chini weka pampu ndogo ya kuzamisha inayopeleka maji kwenye mapipa.

Mashine ya umeme ya kuoshea kwa presha inayotoa lita 7 kwa dakika, ukiifyatua kwa dakika 40, inatumia lita 280. Mapipa mawili ya lita 200 yanatosha. Pipa la kwanza hunasa mchanga kwa haraka: punje ya milimita 0.1 huzama sentimita 30 kwa takriban nusu dakika. Mfinyanzi ni habari nyingine. Chembe ya mikroni 2 (milimita 0.002) hushuka zaidi kidogo ya sentimita 1 kwa saa, maana yake kina hichohicho huchukua karibu siku nzima. Ukitaka kuharakisha, tia shabu, uanze na gramu 10 kwa lita 100. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano, uache. Kabla ya kumwaga, tandaza kitambaa cha kunyonya juu ya maji kiondoe utando wa mafuta. Maji ya juu yaliyotakata mwagia nyasi, na tope la chini likauke kwanza kisha ulirudishe uwanjani.

Kuhusu mashine, watu hununua presha ilhali kinachobeba tope ni wingi wa maji. Baa (kipimo cha presha) 100 hadi 120 zenye lita 10 kwa dakika zitakumalizia kazi mapema kuliko baa 200 zenye lita 6, na zitaharibu vitu vichache. Bodi ipigwe na nozeli (ncha ya kupulizia) ya digrii 40, ile nyeupe; digrii ni upana wa mkondo wa maji. Chini ya gari tumia ya digrii 25, ya kijani. Ya njano ya digrii 15 ni kwa vyuma vinene tu. Nyekundu ya digrii 0 haina kazi kwenye gari hili. Kaa sentimita 30 kutoka kwenye bodi, na zaidi ya hapo ukifika kwenye stika, maana maji yakipata ukingo wa stika yanaibandua yote. Lowesha gari zima kwa mpira wa kawaida, subiri dakika 10 tope lilegee, usiache likauke, kisha anza chini ya gari na malizia bodi kutoka juu kwenda chini. Ukianza na bodi utaichafua tena ukishuka chini. Sabuni iwe ya pH ya kati, yaani si tindikali wala alkali, na sifongo isiguse bodi mpaka mchanga wote uwe umeondoka.

Injini yako huenda iligoma kwa sababu maji yaliingia sehemu moja kati ya tatu: kwenye kifuniko cha distribyuta (kigawa umeme wa plagi), kwenye visima vya plagi, yaani mashimo zinamokaa, au ndani ya kabureta. Yote yanazuilika. Subiri injini na breki zipoe mpaka uweze kuuweka mkono juu yake bila kuuondoa. Maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda au kuipasua. Zima swichi kuu ya betri. Vua filta ya hewa na ufunge mdomo wa kabureta kwa kifuniko kigumu, au mfuko wa plastiki uliobanwa kwa mpira. Ziba midomo ya ekzosi, matundu ya kupumulia ya injini na ya difu, kisha funika distribyuta, koili na boksi la umeme wa plagi. Hesabu vitu vyote ulivyozibia na uandike idadi kwa selotepu kwenye usukani. Mfuko uliosahaulika juu ya kabureta humezwa injini inapowaka, na hasara yake inazidi ile ya maji.

Ikigoma hata hivyo, usiendelee kupiga stata. Vua kifuniko cha distribyuta, futa ndani, puliza kwa hewa ya kompresa. Puliza visima vya plagi kwanza, ndipo uzitoe plagi zenyewe. Kama kuna dalili ya maji kwenye silinda, zungusha injini plagi zikiwa nje na umeme wake ukiwa umezimwa. Maji hayabanwi, na silinda yenye maji ikifungwa plagi inaweza kupinda konirodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Kisha toa mafuta ya bakuli la kabureta ndani ya chupa angavu ya kioo na uitulize mezani. Petroli huelea, maji hulala chini kama shanga zinazotembea ukiinamisha chupa. Ukitumia methanoli kipimo hiki hakina maana, kwa sababu methanoli na maji huchanganyika kabisa na chupa itaonekana safi. Hapo mwaga mafuta yote, weka mapya.

Sehemu nyingine za kuepuka mkondo wa moja kwa moja ni beringi za haba, yaani kitovu cha gurudumu. Sili zake zimetengenezwa kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie, hazikuundwa kupambana na baa 100. Viungo vya chuma vya sasipensheni na usukani, vile vyenye tufe ndani, mara nyingi havina sili kabisa. Suuza kwa maji mepesi, puliza hewa, tia tone la mafuta. Fimbo ya shokapu ifute kwa kitambaa kabla hujashusha gari kwenye trela, kwani mtikisiko mmoja tu unaipitisha pete ya tope kwenye sili. Redieta ipige kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele. Ukipiga kutoka mbele unalisukuma tope ndani zaidi na kulaza mapezi yake membamba ya kupozea, na kosa hilo utaligundua kwenye mbio zijazo, geji ya joto itakapopanda.

Ukimaliza, zibua ulivyoziba, puliza viungo vyote kwa hewa, sukuma gari huku ukikanyaga breki ili diski zikauke, halafu pitia fremu ukiwa na tochi. Chuma kikiwa safi, ufa kwenye mshono wa kulehemu huonekana kama uzi wa kutu, au mstari mwembamba wa maji ya tope yanayoendelea kuchuruzika wakati pembeni pote pameshakauka. Pale rimu inapokaa kwenye haba pafute mpaka pang'ae. Tope likibaki hapo kwenye mgusano, nati zitaonekana zimekaza, lakini tope hilo litasagika kwenye mizunguko ya kwanza na nati zitalegea.

Kabla ya mashindano yajayo, pulizia mafuta ya kupikia au silikoni, utando mwembamba tu, chini ya mabawa ya tairi, kwenye sakafu ya chini na nyuma ya bampa, na funga vifuniko vya plastiki kwenye rimu kama kanuni za daraja lako zinaruhusu. Tope litateleza lenyewe na kukwangua kutakuwa kwepesi. Funika diski, kalipa na tairi wakati wa kupulizia, na usikaribie ekzosi. Mafuta kwenye bomba la moto hutoa moshi na yanaweza kushika moto.