Mstari wa bajeti: kuzunguka au kusogea?
Mstari wa bajeti huonyesha michanganyiko yote ya bidhaa mbili, X na Y, ambayo kipato chote kinaweza kununua. Wanafunzi husogeza mstari mzima bei ya bidhaa moja inapopanda kwa sababu wameonyeshwa mchoro kabla ya namba. Anza hivi: kipato 120, bei ya X 10, ya Y 20. Wakokotoe ncha zenyewe, yaani kiasi kinachopatikana kipato chote kikinunua bidhaa moja tu: X 12, au Y 6. Sasa bei ya X iwe 20. Anayenunua Y pekee hajaguswa, hivyo ncha ya Y inabaki 6. Ya X inashuka hadi 6, na mstari unazunguka. Kipato kikibadilika ndipo husogea sambamba.

Mikunjo ya uridhikaji sawa (inayounganisha michanganyiko inayomridhisha mnunuzi kwa kiwango kilekile) ije baadaye. Na msiishie kwenye U = XY, ambapo U ni kiwango cha uridhikaji: hapo kiasi bora cha Y hubaki 3 kabla na baada ya bei ya X kupanda, darasa likadhani bei ya X kamwe haigusi Y.