Maswali Yenu: Kupanda tena pikipiki baada ya ajali

SWALI: Mimi ni dereva wa boda hapa Tororo. Miezi minne iliyopita gari dogo lilichomoka barabara ya pembeni likanikata njia, nikaanguka na kuvunjika mtulinga. Daktari amesema nimepona, na pikipiki imetengenezwa. Lakini kila trela ya kwenda Malaba inaponipita, mikono inakakamaa na ninabana breki ya mbele bila kutaka. Wenzangu wa steji wanasema nipande tu, hofu itaisha yenyewe. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yetu, na ushauri huo unaweza kukuangusha mara ya pili. Mtu anayejilazimisha kuingia kwenye barabara kuu huku mwili umekakamaa hashiki usukani vizuri, hageuzi shingo kuangalia nyuma, na breki huibana kwa mshtuko. Hofu ya namna hii huondoka kwa hatua ndogo zinazorudiwa. Kabla ya hatua hizo, hakikisha kwamba hofu yako haikuambii jambo la kweli kuhusu chombo chenyewe.

Anza na pikipiki. Isimamishe kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele likae juu. Simama mbele yake uangalie mabomba mawili ya foki, yaani mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele: yanapaswa kwenda sambamba, na gurudumu liwe katikati ya usukani. Mara nyingi foki inakuwa imejipinda tu kwenye vishikio vyake. Fundi hulegeza boliti, huinyoosha na kuifunga tena. Bomba lenyewe likiwa limepinda, libadilishwe. Fundi akitaka kulinyoosha kwa moto, mkatalie, kwa sababu chuma kilichochomwa hupoteza nguvu na kinaweza kukatika ukiingia kwenye shimo. Halafu shika foki kwa chini uisukume mbele na nyuma. Ikicheza na kugonga, beringi za shingo ya usukani zimelegea au zimekwisha. Geuza usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine: usikwame popote. Zungusha gurudumu ukiwa umeshika kalamu karibu na rimu. Nafasi kati yao ikipanuka na kupungua, rimu imepinda au spoki zimelegea. Pikipiki inayovuta upande mmoja humtia dereva hofu iliyo halali kabisa, na mazoezi hayataiondoa.

Helmeti uliyoanguka nayo usiivae tena ikiwa kichwa kiligonga chini. Povu gumu la ndani hulinda kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi, hata kama nje hakuna ufa.

Upande wa mwili, jipime nyumbani. Bana klachi mara 20 mfululizo bila maumivu. Geuza shingo uone nyuma ya bega la kulia na la kushoto. Ukishindwa mojawapo, rudi kwa daktari kabla ya kurudi barabarani.

Sasa mazoezi. Ipe hofu yako namba kutoka 0 hadi 10. Kila siku anza na jambo linalokupa 3 au 4, na ulirudie hadi namba ishuke karibu nusu. Usikatishe hofu ikiwa juu kabisa, kwa sababu ubongo utajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho hofu itakuja mapema zaidi. Ikipanda mno, toka barabarani salama, zima injini, vuta pumzi ukihesabu 4 na uitoe ukihesabu 6 mara kadhaa, kisha fanya hatua iliyo rahisi zaidi kabla ya kwenda nyumbani. Nusu saa kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, inafaa kuliko Jumapili moja ya kutwa nzima.

Siku za kwanza kaa tu juu ya pikipiki iliyosimama, helmeti kichwani. Kwanza injini ikiwa imezimwa, baadaye ikinguruma. Kisha nenda kwenye uwanja mpana usio na watu, endesha gia ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, usimame, uanze tena.

Hapo ndipo ufanye zoezi ambalo tunaliona muhimu kuliko yote kwako: breki. Nenda kilomita 20 kwa saa, pikipiki ikiwa wima. Vuta breki ya mbele kwa awamu mbili. Kwanza vuta kidogo hadi uone foki inazama, yaani uzito umehamia mbele na tairi limeshika ardhi. Ndipo uongeze nguvu, huku mguu ukikanyaga ya nyuma kwa upole. Ukiibana yote kwa mara moja, gurudumu hufunga kabla uzito haujafika, na pikipiki hulala. Hilo ndilo linaloweza kukupata trela inapopita. Weka jiwe mahali unapoanza kufunga breki na jingine unaposimama. Rudia mpaka mkono ufanye wenyewe, halafu panda hadi 30, kisha 40. Utaona umbali unavyorefuka: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki huwa karibu mara nne. Tena kwa kilomita 40 kwa saa unasafiri mita 11 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya mshtuko ni mita 11 kabla breki haijaanza kazi. Kwenye murramu, yaani barabara ya udongo na changarawe, hasa mvua za Machi hadi Mei, punguza nguvu ya mbele, tegemea zaidi ya nyuma, na usifunge breki katikati ya kona.

Ukitoka uwanjani, anza alfajiri ya Jumapili, bila abiria, barabara za mtaa. Baadaye makutano yanayofanana na yale ya ajali. Ukiona gari linangoja barabara ya pembeni, tazama gurudumu lake la mbele. Uso wa dereva unaweza kukudanganya, lakini gurudumu likianza kuzunguka gari linakuja. Vidole viwili viwe tayari juu ya breki, taa iwake hata mchana, na uache nafasi upande lilipo gari hilo.

Trela ije baada ya hayo yote. Kwanza simama kando, mbali na lami, uziangalie zikipita hadi namba yako ishuke. Ukishakuwa kwenye mwendo na moja inakupita, upepo wake hukusukuma kwanza kuelekea kushoto, kisha hukuvuta kuelekea kwake. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, tazama mbali mbele, usiguse breki. Usijibanze kwenye ukingo wa lami; ukidondokea changarawe ndipo utaanguka. Na macho yasigande kwenye magurudumu ya trela, kwa sababu pikipiki huelekea unakotazama. Kwenye makutano usikae kushoto kwa trela inayotaka kukata kushoto, maana magurudumu yake ya nyuma hukata kona kwa ndani.

Abiria wa kwanza awe mwenzako wa steji anayejua unafanya nini, kwa kuwa uzito wake utarefusha umbali wa kusimama. Wateja wafuate, kwanza safari za ndani ya mji.

SWALI: Mume wangu aligongwa akiwa kazini wiki sita zilizopita. Usiku anashtuka akipiga kelele, barabara ile haipiti kabisa, na sasa anakunywa waragi kidogo kabla ya kutoka ili mikono itulie. Nifanye nini?

JIBU: Dada, pole sana. Asiendeshe akiwa amekunywa, hata kidogo. Pombe inachelewesha macho na mikono, na ubongo uliolewa haujifunzi kwamba barabara inaweza kupitwa salama, kwa hiyo hofu inabaki palepale. Vidonge vya maumivu kama tramadol navyo huleta usingizi, aulize alikopewa.

Ndoto za ajali, kushtuka na kukwepa mahali vikizidi mwezi mmoja ni ugonjwa unaotibika. Aanzie kituo cha afya cha ngazi ya IV au hospitali ya rufaa ya mkoa, aeleze usingizi wake waziwazi kama anavyoeleza maumivu ya mguu. Walio Kampala wana Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Lakini kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia kupita kawaida, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Mbale. Nilianguka kutoka kwenye boda iliporuka tuta. Nilikuwa nimekaa upande kwa sababu ya gomesi, lile gauni refu la kina mama. Sasa natembea saa nzima kwenda shule. Nitarudije?

JIBU: Ukikaa upande, uzito wako wote uko upande mmoja na huna cha kubana kwa magoti, tuta moja linatosha kukurusha. Vaa suruali nyepesi ndani, ukae ukitazama mbele, miguu yote miwili juu ya vikanyagio, mkono mmoja ukishika chuma cha nyuma ya kiti. Kusanya nguo mapajani, isiingie kwenye spoki wala cheni.

Chagua dereva mmoja mwenye helmeti ya ziada na umwambie kabla hujapanda kwamba uliwahi kuanguka, na mwendo usizidi 30. Kaa kwanza ikiwa imesimama, kisha zunguka mtaani, kisha nusu ya njia, nusu utembee. Mkubaliane ishara: ukimgusa bega mara mbili, asimame. Ukiona anabeba wawili, subiri mwingine.

Panda na ushuke kushoto, kwa kuwa ekzosi ya boda nyingi iko kulia. Ikikuunguza, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na usipake dawa ya meno wala mafuta.