Maswali na majibu: Keki ya biskuti na kastadi isiyookwa

Barua za mara hii karibu zote zinahusu keki ya matabaka, ile ya biskuti na kastadi. Kipimo kinachotajwa katika majibu ni hiki: maziwa lita 1, unga wa kastadi gramu 90, sukari gramu 120, siagi gramu 50, chumvi chembe, vanila kijiko 1 cha chai, na biskuti za kawaida zisizo na krimu gramu 350 hadi 400. Kinatosha chombo cha mkate cha sentimita 23 kwa 13, kwa tabaka tano za biskuti na nne za kastadi.

Shikamoo. Usiku kastadi ilikuwa nzito kabisa sufuriani, asubuhi nikikata keki inamwagika. Nimejaribu kuongeza unga, bado. Kosa langu nini?

Marahaba. Kosa halipo kwenye kipimo, lipo kwenye moto. Unga wa kastadi ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu. Wanga huanza kuwa mzito kabla maziwa hayajachemka, na hapo ndipo wengi huepua wakidhani kazi imekwisha. Punje zake zinakuwa hazijaiva. Kastadi hiyo huacha ladha ya unga mbichi ulimini, na haishiki ikipoa. Subiri itokote: mapovu mazito yapande na kupasuka katikati ya sufuria, si pembeni tu. Kisha hesabu dakika moja kamili ukiendelea kukoroga, uepue, utie siagi na vanila. Wala usiipigepige kwa nguvu dakika kumi, kwa sababu punje zilizovimba zikipasuka kastadi hurudi kuwa nyepesi.

Kuna kosa jingine ambalo hakuna anayelitaja kwenye barua yake, nalo ni kijiko cha kuonjea. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi sufuriani, kastadi iliyokwisha kushika inaweza kulegea ikiwa imekaa tu. Chota kidogo, weka kwenye sahani, onja huko.

Na kastadi ikishapoa ikashika, usiikoroge. Ukiuvunja mshiko wake, haurudi kama ulivyokuwa.

Niweke mayai mangapi?

Hata moja. Alfred Bird alitengeneza unga huu mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1837 kwa sababu mke wake hakuweza kula mayai. Wanga ndio unaofanya kazi ya yai. Ukitaka utajiri wa ladha, ongeza viini 2, uvikoroge pamoja na unga na maziwa baridi. Lakini hapo lile sharti la kutokota dakika moja linakuwa kali zaidi, maana kiini cha yai nacho kina kimeng'enya cha kuvunja wanga, na kinachokizima ni moto. Anayeogopa kuchemsha kastadi yenye viini na wanga asiogope. Wanga huyalinda mayai yasikatike haraka.

Kastadi yangu ina madonge. Nisaidie.

Swali hili limejibiwa hapa zaidi ya mara moja. Unga mkavu hauingii kwenye maziwa ya moto. Kati ya ile lita moja, toa mililita 200 zikiwa baridi, koroga unga humo mpaka usione chembe. Maziwa yaliyobaki yapashe moto na sukari. Yakikaribia kuchemka, mimina nusu yake taratibu kwenye mchanganyiko wa unga huku ukikoroga, kisha rudisha vyote sufuriani. Tumia mchapo wa kupigia mayai, na kila mara pitisha mwiko kwenye pembe za chini ya sufuria, maana huko ndiko kunakoungua kwanza. Madonge yakishatokea, chuja kastadi ikiwa moto. Usisubiri ipoe.

Naweza kutumia maji badala ya maziwa?

Itashika, lakini haitakuwa na ladha.

Biskuti zangu hubaki ngumu katikati. Mwenzangu anazichovya kwenye maziwa, zake zinakuwa uji. Nani yuko sahihi?

Hakuna. Kinacholainisha biskuti ni unyevu wa kastadi pamoja na muda. Iache kastadi ipoe dakika 10 hadi 15, iwe ya joto la kuvumilika mkononi. Ikiwa moto mno biskuti huelea na kuvunjika; ikiwa baridi haitandaziki. Weka mililita 250 kila tabaka, uisawazishe mpaka ukingoni, kwa sababu biskuti isiyoguswa na kastadi haitalainika. Tandika plastiki chomboni mapema ili keki itoke nzima, na juu ya tabaka la mwisho bandika plastiki igusane na keki yenyewe. Ukiacha nafasi, mvuke hugeuka matone yakadondokea keki.

Kisha friji kwa muda wa saa 8. Keki hii huitwa ya haraka kwa sababu kazi ya mikono haifiki nusu saa, lakini kulala friji hakukwepeki. Wanaoihamishia kwenye friza ili kufupisha muda wanaiharibu: barafu ikiyeyuka, wanga hutema maji na kastadi inakuwa kama sifongo.

Nataka tabaka mbili za chokoleti.

Gawa kastadi ikiwa moto, nusu yake utie chokoleti nyeusi gramu 60 iliyokatwakatwa. Kakao kavu usiinyunyize mwishoni. Kama huna chokoleti, koroga kakao gramu 15 na maziwa kidogo ya moto kwanza.

Matunda gani yanafaa ndani?

Ndizi, embe lililoiva bila kurojeka, stroberi. Yakaushe kwa kitambaa na uyafunike kabisa kwa kastadi, hasa ndizi, isije ikageuka nyeusi. Nanasi bichi liache: kimeng'enya chake huvunja protini ya maziwa na kuleta uchungu. La kopo halina tatizo hilo kwa kuwa limepitia moto. Maji ya limau yasipikwe pamoja na kastadi, asidi hudhoofisha wanga. Tumia ganda lililokwaruzwa.

Hatuna friji. Nifanyeje?

Usiifanye keki hii. Kastadi ni maziwa, haifai kukaa nje zaidi ya saa 2, na hata ya friji iliwe ndani ya siku 3. Pika kastadi nyepesi, unga gramu 50 kwa lita, itokote vilevile dakika moja, imwagie biskuti kwenye bakuli, mle ingali na moto wake.