Jibu: Gitaa limeenda wapi kwenye The Car?

Salama ndugu. Unasema umeisikiliza The Car, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza Arctic Monkeys, mara mbili, gitaa hulisikii, na wenzako wanaisifu. Kwanza angalia unasikilizia wapi. Mimi nilianza nayo kwa simu ndani ya matatu ya Kondele, spika za gari zikinguruma. Fidla zote zikamezwa, nikaitukana. Usiku nyumbani, na spika za masikioni, ikawa albamu nyingine kabisa.

Pili, umeruka kutoka albamu yao AM ya 2013 hadi hii ya 2022. Pitia ile ya 2018 kwanza, Tranquility Base Hotel & Casino. Alex Turner, mwimbaji wao, aliitunga kwenye piano, na mashabiki waligawanyika hapo. Binafsi bado naipenda AM zaidi.