Maswali na Majibu: Hali Imebadilika, Je, Matunzo ya Mtoto Nayo Yabadilike?

Maswali ya safari hii yamerundikana tangu tulipozungumzia talaka, na karibu yote yanauliza jambo moja kwa sura tofauti: mahakama ilipanga kiasi fulani cha matunzo ya watoto, kisha maisha yakageuka. Mmoja ameoa au ameolewa, mwingine amepoteza kazi, na mtoto aliyekuwa wa kubebwa mgongoni sasa yuko sekondari. Majibu yangu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Wale wanaotaka kujua kazi ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa naomba wasilitume tena swali hilo, kwa kuwa limekwisha kujibiwa hapa zaidi ya mara moja.

Ndoa yetu ilivunjwa mwaka 2021 na nikaamriwa kutoa shilingi 120,000 kila mwezi kwa watoto wawili. Sasa mtalaka wangu ameolewa na mtu mwenye uwezo kuliko mimi. Si kweli kwamba matunzo hukoma mwanamke anapoolewa? (Morogoro)

Yanayokoma ni matunzo ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama, katika mazingira fulani, kumwamuru mwanamume amtunze aliyekuwa mkewe, na haki hiyo humtoka mwanamke anapoolewa tena. Watu wamelisikia jambo hili nusunusu vijiweni, wakalihamishia kwa watoto, ambao hawajaolewa na mtu yeyote. Wajibu wa baba wa kuwapa wanawe malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo na hadhi yake umo ndani ya sheria hiyohiyo, na unamfuata hata watoto wanapoishi kwa mtu mwingine. Huyo bwana mpya akiwanunulia watoto viatu vya shule amefanya wema, lakini wema wake hauwezi kuwa risiti yako.

Unachoweza kudai, ukiwa na ushahidi, ni kwamba mama sasa halipi kodi ya nyumba, hivyo sehemu ya malazi iliyokuwa ndani ya zile 120,000 itazamwe upya. Hoja hiyo ni halali na hakimu anaweza kuikubali au kuikataa, lakini uipeleke mahakamani huku ukiendelea kutuma.

Niliamriwa kutoa 150,000 kwa mwezi. Nimeoa tena na Mungu ametujalia mapacha. Miezi tisa iliyopita nilimwandikia mama wa mtoto meseji kumjulisha kuwa nitatuma 70,000, naye hakujibu. Nimefanya sahihi? (Dodoma)

Hoja yako huenda ni sahihi, lakini ulichofanya si sahihi, na kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote katika barua mnazoniandikia.

Kwanza hoja yenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama inapopanga matunzo itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa mlipaji wa kujipatia kipato, mzigo alionao wa kutunza watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Mapacha wako wamo katika orodha hiyo, kwani nao ni watoto na wanakula. Isipokuwa hawakuja kumfuta kaka yao mkubwa. Hakimu atauliza pia mambo ambayo hukuyataja katika barua yako: mke wako wa sasa ana kazi? Una shamba, nyumba ya kupangisha, pikipiki iliyo mikononi mwa mtu mwingine inayokuletea hesabu kila wiki? Na ikiwa sherehe ya ndoa ya pili ilifanyika ukumbini, jiandae kuulizwa fedha zake zilitoka wapi.

Sasa kosa. Amri ya mahakama haibadilishwi kwa meseji, na ukimya wa mama si ridhaa. Kwa miezi tisa umepunguza 80,000 kila mwezi, kwa hiyo unadaiwa 720,000, na siku mama atakapofungua maombi ya kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama ikulazimishe kutii amri yake, hutaeleweka kwa kusema kwamba ulikuwa umemjulisha. Nenda katika mahakama iliyotoa amri, upeleke maombi ya kuirekebisha pamoja na hati ya kiapo, uambatanishe vyeti vya kuzaliwa vya mapacha, hati za mshahara na kumbukumbu za malipo uliyokwisha kufanya. Mahakama ina mamlaka ya kubadili au kufuta amri ya matunzo pale hali inapokuwa imebadilika kwa kiwango cha maana, au pale inapothibitika kwamba amri ya awali ilijengwa juu ya maelezo ya uongo au yaliyokosewa. Mpaka hapo amri mpya itakapotoka, kiasi kinachokubana ni kile cha zamani.

Nawaomba wote mnaolipa mtume kupitia benki au simu, muandike ni matunzo ya mwezi gani. Hela inayopitishwa mkononi kwa shangazi au kwa dereva wa basi ina tabia ya kusahaulika siku ya kesi.

Sheria inasema baba atoe asilimia ngapi ya mshahara? (Wasomaji sita, miji mbalimbali)

Hakuna asilimia, na mtakaouliza tena mwezi ujao nitawaelekeza kwenye mstari huu.

Mume wangu wa zamani alipunguzwa kazini. Sasa anaendesha bodaboda na anasema atalipa atakapopata ajira ya kueleweka. Ninashauriwa nimpeleke kwa Mkuu wa Wilaya. (Mwanza)

Bodaboda ni kazi, dada yangu, na inaingiza kipato. Aliyepunguzwa kazini ana haki ya kuomba kiwango kishushwe, lakini si haki yake kujipa likizo ya ubaba. Akikataa kwenda mahakamani, nenda wewe, ukaombe amri ikazwe. Uliza pia kama alipata malipo ya kupunguzwa kazini au mafao, kwa sababu mara nyingi fedha hizo hupokelewa kimyakimya na kuisha kabla mtoto hajaziona.

Kuhusu Mkuu wa Wilaya, naelewa unachokitafuta. Aprili 2018 maelfu ya akina mama walifurika katika ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam kueleza jinsi walivyotelekezwa na wazazi wenzao. Umati ule ulionyesha ukubwa wa tatizo, na haukuwa uongo. Lakini kiongozi wa utawala hana mamlaka ya kupanga matunzo wala ya kubadili amri ya hakimu. Anachoweza ni kumtia baba aibu kwa siku moja, na aibu hailipi kodi ya Januari. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako akusikilize na kuwapatanisha ikiwezekana, na ikishindikana rudi mahakamani. Kumnyima mtoto mahitaji yake ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto, lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mimi binafsi simpendekezei mtu kuanzia huko, kwa kuwa baba aliye gerezani haendeshi bodaboda.

Hukumu ya mwaka 2014 ilipanga 40,000 kwa mwezi, mtoto akiwa na miaka miwili. Leo yuko sekondari na baba yake anasema elimu ni bure, tena amri haijabadilika. (Mbeya)

Anachosema kuhusu amri ni kweli, na kosa hapo ni lako la kukaa miaka yote hiyo bila kuomba irekebishwe. Kubadilika kwa hali si kwa mlipaji peke yake, kwani mtoto naye hukua. Mtoto wa miaka miwili hula uji, na huyu wa sasa anahitaji sare, madaftari, nauli, taulo za kike kama ni binti, na miwani kama macho yana shida.

Hiyo hoja ya elimu bure nimeichoka. Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa kuanzia Januari 2016, na za kidato cha tano na sita zikafuata mwaka 2022. Kilichoondolewa ni ada. Chakula cha mchana, sare na safari ya kwenda shule havikuondolewa na waraka wowote.

Wenye umri wangu wanaikumbuka sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Ilipotungwa, shilingi 100 ilikuwa fedha. Ukomo huo ukaendelea kukaa vitabuni hadi sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wakati ambapo shilingi 100 haikutosha hata kipande cha sabuni ya maana. Hukumu yako ya 40,000 iko katika njia hiyohiyo. Andika orodha ya gharama halisi za mwezi, kusanya risiti ulizonazo, uende ukaombe kiwango kipandishwe. Usiandike laki nne kwa kukomoa, kwa kuwa hakimu naye hununua unga.

Mama wa watoto wangu sasa ni meneja wa tawi la benki na ananizidi mshahara mara mbili. Kwa nini mzigo uendelee kuwa wangu? (Arusha)

Swali zuri, na sheria zetu mbili zinalijibu kwa sauti mbili. Ile ya mwaka 1971 inamtwika baba wajibu, na kumfikia mama pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo, au hawezi. Ile ya mwaka 2009 inazungumza na wazazi wote wawili na kumtaka hakimu apime kipato cha kila mmoja. Kwa hiyo unayo haki ya kuomba mgawanyo upimwe upya, na mshahara wake ni ushahidi unaohusika. Kabla hujaenda, hata hivyo, jihesabie kwa haki nani anayemwamsha mtoto saa kumi na moja alfajiri, nani anayeomba ruhusa kazini mtoto akiugua malaria, nani anayemlipa dada wa kazi. Nimeona akina baba wakiingia mahakamani na hoja hii wakidhani mama hachangii, kisha orodha ya mama ikasomwa na wao wakatoka na kiwango kilekile.

Mwanangu ametimiza miaka 7 na nimemchukua kama sheria inavyotaka. Bado nimtumie mama yake fedha? (Tabora)

Sheria haikutaka hivyo. Inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi kwamba siku ya kuzaliwa ya saba baba anakuja na begi. Baada ya umri huo kinachotangulia ni kilekile, yaani ustawi wa mtoto, na maoni yake mwenyewe husikilizwa kadiri anavyoweza kuyatoa. Kama amri iliyopo inampa mama malezi, wewe ndiye uliyeivunja, na matunzo yanaendelea kuhesabika. Kaeni mbele ya afisa ustawi, mkikubaliana peleka makubaliano yasajiliwe, na hapo ndipo malipo yatakapogeuka kufuata makazi mapya ya mtoto.

Ananinyima kumwona mtoto, nami nimesitisha matunzo mpaka aniruhusu. (Tanga)

Mmekosea wote wawili, na anayelala njaa hayumo kati yenu. Kuonana na mtoto kuna maombi yake na matunzo yana maombi yake. Lipa, kisha mshitaki kwa kukunyima. Mtu aliyelipa mfululizo husikilizwa kwa sikio tofauti kabisa.

Tulipoachana nilisaini kuwa nimepewa kiwanja na sitadai matunzo ya watoto. Sasa nimepata ugonjwa na biashara imekufa. Nimejifunga? (Singida)

Hapana. Kiwanja ni sehemu yako katika mali ya ndoa, uliyoistahili kwa jasho lako, likiwemo jasho la kazi za nyumbani, ambalo Mahakama ya Rufani ililitambua mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Matunzo ni haki ya watoto, na mzazi hawezi kuuza asichokimiliki. Mahakama inaweza kubadili makubaliano ya wazazi kuhusu matunzo pale ustawi wa watoto unapohitaji hivyo, na kuugua kwako ni sababu nzito. Chukua vyeti vya hospitali. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA na LHRC husaidia watu wa hali yako. Na wanaowashauri dada zao wasaini ili mambo yaishe haraka, waache.

Binti yetu anatimiza miaka 18 mwezi Agosti, akiwa kidato cha tano. Baba amesema Agosti ndiyo mwisho. (Iringa)

Amri hufikia ukomo mtoto anapotimiza miaka 18, lakini mahakama inaweza kuagiza iendelee akiwa bado masomoni au mafunzoni. Usingoje Septemba. Peleka maombi sasa, na barua ya shule mkononi.

Mtalaka wangu amefariki. Ndugu zake wanasema matunzo yamezikwa naye. (Kigoma)

Malipo ya kila mwezi kutoka mfukoni mwake yamekwisha, ila watoto wake ni warithi, na sheria inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake. Fuatilia ni nani anayeomba usimamizi wa mirathi, weka pingamizi kama majina ya wanao hayamo, na ulizia mafao yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii aliokuwa akichangia.

Je, haya yanatuhusu sisi wa Unguja?

Hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, ambako kuna Mahakama za Kadhi na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Mwone wakili wa huko.