Ada hakuna, mbona fedha nyingi benki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma mjini Berlin. Nimeambiwa hakuna ada. Kwa nini basi ubalozi unataka nioneshe fedha nyingi benki?

JIBU: Ni kweli kwamba vyuo vikuu vya umma vya Berlin kwa kawaida havitozi ada, ingawa kila muhula utalipa mchango wa huduma za wanafunzi. Fedha unazodaiwa ni za kujikimu: tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, zinazowekwa katika akaunti maalumu inayokuruhusu kutoa euro 992 tu kila mwezi. Usidhani utaishi kwa raha, kwani kodi ya chumba pekee yaweza kumeza nusu yake au zaidi. Kibarua kinaruhusiwa, siku 140 kamili kwa mwaka.

Linalowakwamisha wengi, kwa maoni yangu, ni makazi. Sheria inamtaka mgeni ajisajili katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu ahamie nyumbani, nayo ofisi hudai hati iliyotiwa saini na aliyempa makazi. Kabla hujasaini mkataba, hasa unapopangishwa na mpangaji mwingine, uliza waziwazi kama utapewa hati hiyo. Mwenyeji akisitasita, tafuta chumba kwingine.